Sista, inachoma

Saa nane na dakika arobaini usiku, mgonjwa wangu alinishika mkono akasema, "Sista, inachoma."

Nilikuwa nimeshasukuma kama mililita mbili hivi. Alikuwa mama aliyejifungua kwa upasuaji siku moja kabla, na dawa ilikuwa seftriaksoni, ile antibayotiki ya unga inayochanganywa na maji ya sindano ndani ya kichupa chake. Wagonjwa wengi huilalamikia ikiingia mshipani. Usiku mwingine ningemwambia, "Pole mama, vumilia kidogo, tunamaliza," nikaendelea. Lakini huyu aliuvuta mkono kwa nguvu hadi bomba likachomoka kwenye kanula, ule mrija mdogo wa mshipani. Nikageukia treya kutafuta plasta, na hapo nikakiona kile kiampuli cha plastiki nilichokikata kichwa muda mfupi kabla. Nikakiinua kwenye mwanga wa simu. Hayakuwa maji ya sindano. Ilikuwa potasiamu kloridi.

Kwa msomaji asiye mtu wa afya: potasiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji, na hospitalini tunayo kwa ajili ya wagonjwa walioishiwa nayo. Hutolewa ikiwa imechanganywa kwenye dripu, ikishuka polepole kwa saa kadhaa. Ikisukumwa mshipani ikiwa kali kama ilivyo kwenye ampuli, moyo unaweza kusimama mtu akiwa anakuangalia. Ampuli yetu ilikuwa ya plastiki inayopitisha mwanga, mililita 10, maandishi madogo ya wino hafifu. Ya maji ya sindano nayo ilikuwa ya plastiki inayopitisha mwanga, mililita 10, maandishi madogo ya wino hafifu.

Mama yule alipona. Nilimwita daktari wa zamu nikamweleza kila kitu bila kuficha, na kwa kuwa wodini hatukuwa na mashine ya kufuatilia moyo, nilikaa kando ya kitanda chake hadi kunakucha, kidole kwenye mshipa wake, macho kwenye saa yangu ya kifuani. Aliponiuliza ni nini, nilimjibu kwamba dawa ilikuwa kali. Hilo nitalirudia baadaye.

Ilikuwa mwaka 2014, katika hospitali ambayo sitaitaja. Asubuhi niliitwa ofisini nikaambiwa maneno ambayo kila mtumishi wa umma nchini kwetu anayajua: andika barua ya kujieleza, iwe mezani kabla ya saa tisa. Niliandika ukurasa mmoja. "Nakiri kwamba sikuwa makini wakati wa kutoa dawa. Naomba radhi na naahidi kosa hili halitajirudia." Ikapigwa muhuri, ikaingia kwenye jalada langu. Wiki hiyo tukakumbushwa kwenye kikao cha asubuhi kusoma lebo kabla ya kutoa dawa.

Miezi saba baadaye, katika wodi nyingine, muuguzi mwingine alikata kichwa cha ampuli ileile. Mwenzake aliiona kabla haijavutwa kwenye bomba. Nilisikia habari hiyo kwenye chumba cha chai, ikisimuliwa kama mkosi, na chai ikanikwama kooni. Niliahidi halitajirudia, na kwangu mimi halikujirudia kweli. Lakini ahadi yangu isingeweza kumlinda mgonjwa wa wodi ya jirani, maana kilichonifikisha pale bado kilikuwa kwenye lile kasha la dawa, kikimngoja mwingine.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuulizauliza jinsi hospitali zinavyochunguza makosa yake. Mlango wangu wa kwanza ulikuwa Kaizen. Tanzania ilianza kuingiza utaratibu huu wa Kijapani wa kuboresha kazi kidogokidogo hospitalini mwaka 2007 kwa msaada wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikiwa ya majaribio, na watumishi wengi tunaufahamu kwa zile S tano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Nilipowekwa kwenye timu ya uboreshaji ya hospitali, mwezeshaji alituchorea ubaoni mifupa ya samaki, mchoro wa Kaoru Ishikawa. Kichwani unaandika tukio, na kwenye kila mwiba unaweka kundi la sababu: watu, vifaa, utaratibu wa kazi, mazingira, usimamizi.

Usiku wa siku hiyo ya mafunzo, nyumbani, nilichukua kalenda ya zamani nikaigeuza, nikachora samaki wangu mwenyewe. Kichwani niliandika: potasiamu imesukumwa mshipani. Kisha nikaanza kujaza miiba. Tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa thelathini na kitu. Umeme ulikatika saa saba na jenereta haikuwa ikihudumia wodi yetu. Ampuli mbili zinafanana kama mapacha. Zilikaa kwenye kasha moja la kadibodi, kwa sababu maji ya sindano yalikuwa yameletwa jioni, na aliyeyapokea aliyamimina palipokuwa na nafasi. Potasiamu yenyewe ilikuwa wodini kwa sababu famasi hufungwa usiku, na mwaka uliotangulia kulikuwa na mgonjwa aliyeihitaji usiku ikakosekana. Kwa hiyo mtu mwema aliamua iwepo karibu. Nilipofika kwenye mwiba wa watu nikaandika: nilikuwa na haraka, sikusoma lebo. Ukweli wa barua yangu ulikuwa pale, na ulitosha mwiba mmoja. Nililia kidogo, sitaficha.

Mafunzo yale yalitupa pia "kwa nini mara tano", mbinu iliyoanzia viwanda vya Toyota. Unauliza kwa nini, ukijibiwa unauliza tena, hadi ufike chini. Nimeitumia sana, na ninaona inapendwa kwa sababu ni nyepesi, lakini nimeiona pia ikimpeleka mtu anakotaka kwenda. Kwa nini alipewa potasiamu? Muuguzi alichukua ampuli isiyo sahihi. Kwa nini? Hakusoma lebo. Kwa nini? Hakuwa makini. Kwa nini? Hakupata mafunzo ya kutosha. Umemaliza, na jibu ni semina. Sasa anza palepale, ila geuza swali la pili: kwa nini ampuli hiyo ilikuwa inafikika kwa mkono wa mtu anayetafuta maji? Utafika kwenye saa za famasi, kwenye upokeaji wa vifaa, kwenye mtengenezaji anayefanya ampuli zote za umbo moja. Mbinu ileile, njia mbili, na anayechagua njia ni yule aliyeshika kalamu.

Mwanasaikolojia Mwingereza James Reason alilieleza jambo hili kwa picha inayojulikana sana katika taaluma hii, vipande vya jibini ya Uswisi vyenye matundu. Kwetu jibini hiyo si chakula cha watu wengi, kwa hiyo mimi huwaambia wanafunzi wafikirie mabati makuukuu yaliyopangwa moja juu ya jingine. Kila bati lina matundu yake. Tone la mvua humfikia aliyelala pale tu matundu ya mabati yote yanapolingana kwa wakati mmoja. Muuguzi aliyeshika sindano ndiye bati la mwisho, kwa hiyo tundu lake ndilo linaloonekana ukitazama kutoka kitandani.

Nilichokuja kukisoma baadaye kuhusu potasiamu kiliniuma zaidi ya barua. Joint Commission, taasisi inayotoa ithibati kwa hospitali za Marekani, ilipoanza kutoa matangazo ya tahadhari mwezi Februari 1998, tangazo namba moja lilihusu potasiamu kloridi. Walikuwa wamepitia vifo 10 vilivyotokana na dawa hiyo kutolewa kimakosa. Uingereza ilipounda wakala wake wa usalama wa wagonjwa mwaka 2001, tahadhari yake ya kwanza kabisa, Julai 2002, ilikuwa ya dawa hiyohiyo. Kote kuwili ujumbe ulikuwa mmoja: ile kali itoke kwenye makabati ya wodi. Siku naandika "sikuwa makini", somo hili lilikuwa na umri wa miaka 16, na wauguzi wenzangu wa lugha na nchi nyingine walikuwa wameshaandika barua zao.

Ndiyo maana mimi hupima uchunguzi wowote kwa mapendekezo yake. Huko Marekani, hospitali za maveterani, yaani wanajeshi wa zamani, zilianzisha kituo chao cha usalama wa wagonjwa mwaka 1999, na aliyekiongoza alikuwa James Bagian, daktari na mhandisi aliyewahi kwenda angani mara mbili kama mwanaanga. Kituo hicho kilizoea kupanga mapendekezo kwa nguvu zake. Dhaifu ni kumfundisha mtu tena, kumwonya, kuandika mwongozo mpya, kubandika tangazo ukutani. Ya kati ni kama orodha ya kukagulia, au kutenganisha vitu vinavyofanana. Yenye nguvu ni yale yanayobadilisha kazi yenyewe hadi kosa lishindikane kutendeka, hata kwa mtu aliyechoka, gizani, mwenye wagonjwa thelathini. Jaribu siku moja kuchukua ripoti kumi za matukio za hospitali yako uhesabu ni ngapi zinaishia na "watumishi wakumbushwe". Nilifanya hivyo na nikaona aibu, kwa sababu nyingine nilikuwa nimeziandika mimi.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ile iitwayo Itifaki ya London, ya Charles Vincent na Sally Taylor-Adams, toleo la 2004. Inakutaka uanze na mfululizo wa matukio, saa kwa saa, kabla hujatafuta sababu yoyote. Kisha unazungumza na kila aliyekuwepo, mmojammoja, mahali penye utulivu. Kwanza asimulie kilichotokea bila kukatizwa, halafu mtazame pamoja ni wapi kazi ilikwenda kombo, mwisho muulizane kwa nini, mkipitia tabaka baada ya tabaka: mgonjwa mwenyewe, kazi ilivyo, mtumishi, timu, mazingira, uongozi, hadi sera za juu.

Nikusimulie mara moja nilivyoitumia. Katika hospitali nyingine, damu ya kupima kundi ilichukuliwa kwa mama asiyehusika. Maabara waligundua kwa sababu mwenye jina lililoandikwa alikuwa na kumbukumbu ya kundi tofauti, kwa hiyo hakuna aliyeongezewa damu isiyo yake. Aliyeichukua alikuwa muuguzi kijana, miezi mitatu kazini. Alinijia akiwa na karatasi imekunjwa mara nne kiganjani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapa karibu na dirisha. Hiyo ni nini?"

"Barua ya kujieleza. Nimeshaandika."

"Iweke kwanza. Nisimulie tangu ulipoingia zamu."

Alisimulia kwa sauti ndogo. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alasiri na paa lilikuwa likivuja upande wa dirishani, kwa hiyo zamu ya jioni walihamisha vitanda vitatu. Chupa za damu zilikuwa zimeandikwa majina mapema, mezani, na dada mmoja mzoefu aliyetaka kumrahisishia kazi. Yeye alizichukua akaenda wodini. Nikamuuliza, "Ulijuaje kwamba ni yeye?"

"Niliita, Mama Neema yuko wapi? Akaitika, abee. Nikamuuliza, wewe ni Mama Neema? Akasema ndiyo sista."

Na alikuwa Mama Neema kweli. Wodi ile ilikuwa na akina Mama Neema wawili. Huyu alikuwa ameitwa na muuguzi, na mtoto wa watu aliyelelewa vizuri akiitwa na mkubwa au mtaalamu huitika abee. Ukimuuliza swali ambalo jibu lake umeshamtilia mdomoni, atakubali, tena kwa heshima. Hakuna mwongozo wa Ulaya ungenifundisha hilo. Lilitoka kwenye kinywa cha binti yule kwa sababu hakuwa akijitetea. Ningeisoma barua yake tu, ningekuta, nilikuja kuiona baadaye, maneno mawili ninayoyafahamu: sikuwa makini.

Tulibadilisha mambo matatu. Chupa ikawa inaandikwa kitandani, baada ya damu kutoka, na aliyeichukua mwenyewe. Swali likawa, "Mama, niambie majina yako yote," kisha namba ya faili. Na kwa kuwa bangili za utambulisho zilikuwa hazipatikani, kila mgonjwa akaanza kuvaa kipande cha plasta mkononi chenye jina na namba, tangu mapokezi. Plasta ni bei ndogo. Paa lilichukua mwaka mzima zaidi.

Ndiyo sababu kisa cha Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mapema 2018, kilinigusa hivyo. Wengi mnakikumbuka: mgonjwa alipasuliwa kichwa kutafuta damu iliyoganda, na baada ya saa kadhaa timu ikakuta hakuna, maana aliyekuwa nayo ni mgonjwa mwingine. Vitambulisho vyao vilikuwa vimechanganywa. Haukupita muda hospitali ikatangaza kumsimamisha kazi daktari aliyepasua, muuguzi wa wodi, muuguzi wa kupokea wagonjwa chumba cha upasuaji na mtaalamu wa usingizi. Mkurugenzi naye akapelekwa likizo na waziri. Madaktari wenzao walipinga. Ninaelewa hasira ya wananchi, na ningekuwa ndugu wa mgonjwa ningepiga kelele vilevile. Lakini watu wanne kwenye mnyororo mmoja hawaamki siku moja wote wakiwa wazembe. Kila mmoja alipokea mgonjwa kutoka kwa mwenzake akiamini kwamba aliyetangulia amehakikisha. Hapo ndipo pa kuchimba, na ukishawasimamisha kazi umewaziba mdomo wale pekee waliokuwepo.

Dawa ya mnyororo wa namna hiyo ilijaribiwa hapa kwetu pia. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza orodha ya kukagua kabla, wakati na baada ya upasuaji, vipengele 19, ilifanyiwa majaribio katika hospitali nane za miji minane, na mmoja ulikuwa Ifakara, Morogoro, pamoja na London, Seattle, Toronto, Manila, New Delhi, Amman na Auckland. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kipengele cha mwanzo kabisa ni mgonjwa athibitishe yeye ni nani na anafanyiwa nini.

Tunao pia uchunguzi wetu wa kila siku, ambao watu hawauhesabu kama sayansi ya usalama ingawa ndio: kupitia vifo vya akina mama na watoto wachanga. Kanuni yake ni nzuri, hakuna jina, hakuna lawama. Tunakaa, tunasoma faili, tunaangalia ucheleweshaji wa aina tatu: wa kuamua kutafuta huduma, wa kufika kituoni, na wa kuhudumiwa ukishafika. Nimekaa kwenye vikao hivyo mara nyingi na nimeona vikiokoa watu. Nimeona pia simu ikiita katikati ya kikao, mtu wa juu anauliza, "Nani alikuwa zamu?" Chumba kinabadilika. Kuanzia hapo kila mtu anakumbuka kidogo, na faili linaanza kuwa na saini ambazo asubuhi halikuwa nazo. Viongozi wetu wanaosoma hapa, nawaomba kwa moyo wote: hiyo simu msiipige. Subirini siku chache, kisha ulizeni kitu gani kimebadilika wodini.

Sisemi watu wasiwajibike. Muuguzi aliyekuja kazini amelewa, daktari aliyeitwa mara tano akaendelea kulala, hao wana taratibu zao za nidhamu na zifuatwe. Ila ni wachache, na tumejenga utaratibu mzima kwa ajili yao huku tukiupitishia kila mtu. Waingereza wenyewe waliotufundisha kutafuta chanzo kikuu cha kila tukio waliuacha mwongozo wao wa 2015 na kuleta mwingine mwaka 2022, unaowaruhusu kuchagua matukio machache wayachunguze kwa kina. Waliona ripoti nyingi zisizobadilisha kitu. Tena mwongozo huo mpya unatanguliza jambo ambalo sisi hatuligusi kabisa, kumshirikisha mgonjwa na familia yake tangu mwanzo.

Na hapo narudi kwa mama yangu wa saa nane na dakika arobaini. Bati la mwisho usiku ule hakuwa mimi. Alikuwa yeye. Mkono alioumwa aliuvuta mwenyewe. Barua yangu haikumtaja, mganga mfawidhi hakumuuliza chochote, samaki niliyemchora kwenye kalenda hakuwa na mwiba wake. Aliruhusiwa siku ya nne, akanishukuru, amebeba mtoto wake kwa kitenge cha kijani, akiamini kwamba alipewa dawa kali. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia ukweli na kumwomba msamaha nikiwa nimesimama mbele yake, na sikufanya hivyo, kwa sababu nilikuwa naogopa barua ya pili.

Mwaka jana nilipata uhamisho, na kabla ya jalada langu kutumwa niliomba masjala waniongezee karatasi mbili nyuma ya ile barua. Dada wa masjala aliziangalia, akaniuliza kama nina uhakika, kwa kuwa kitu kikishapewa folio, yaani namba yake ndani ya jalada, hakitoki. Nikamwambia nina uhakika. Ni mfululizo wa tukio, saa kwa saa, kama ilivyopaswa kuandikwa mwaka 2014. Unaanza na zamu ya jioni kupokea maji ya sindano, umeme unakatika saa saba, na chini kidogo, kwa mwandiko wangu: "Saa 8:40 usiku. Mgonjwa anasema inachoma. Anavuta mkono. Anaokoa maisha yake."

Akagonga namba, akafunga jalada.